Mwongozaji anastahili sifa, ofisi irekebishe hesabu zake

Tulikuwa watu 14, mkubwa wetu shangazi yangu wa miaka 61, mdogo wetu binti wa miaka 12. Tulilipia huduma ya kuongozwa siku nzima katika msitu wa mlimani uliopandwa upya: kilomita 12 kwenda na kurudi, na mita 900 za kupanda. Jina la kampuni siliandiki, maana malalamiko yangu nimeshawapelekea na nataka wapate nafasi ya kujirekebisha.

Nianze na lililoniudhi. Ofisi ilituambia safari ni ya masaa manne, nasi tukapanga gari la kuturudisha kwa hesabu hiyo. Manne hayo yanatokana na kanuni ya Naismith, mpanda milima wa Scotland aliyeitoa mwaka 1892: takriban saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Ukipiga hesabu unapata karibu manne kweli. Lakini hayo ni masaa ya mtu mwenye mazoezi ambaye hapumziki. Kwenye kundi, mmoja akiinama kufunga kamba ya kiatu, walio nyuma yake wote wanasimama. Sisi tulitumia manane, na dereva alitungoja nusu siku.

Mwongozaji alilibaini kosa hilo kabla hatujapiga hatua. Alimuuliza kila mtu, kando kando, habari za magoti, dawa anazotumia, na mara ya mwisho alitembea mwendo mrefu lini. Kisha akatutangazia kwamba ikifika saa sita na nusu mchana tunageuka, popote tutakapokuwa. Akamgeukia shangazi: "Mama, wewe utakuwa nyuma yangu hapa, wengine watafuata mwendo wako." Mwenzake akafunga msafara.

Hili peke yake linatosha kunirudisha kwao. Safari zetu za nyuma shangazi alikuwa akifika wa mwisho kwenye kila kituo, na akifika tu, waliokwisha kupumzika wanainuka. Aliyechoka kuliko wote ndiye aliyekuwa hapumziki kabisa. Safari hii aliketi wa kwanza na kunywa maji kwa utulivu.

Filimbi tulipewa kila mmoja, na ishara yake tukafundishwa: ukipotea, piga mara sita ndani ya dakika moja, nyamaza dakika moja, rudia. Anayejibu hupiga mara tatu.

Kilichonigusa zaidi ni jinsi alivyoijua ile njia. Zamani watu walipanda moja kwa moja, maji ya mvua yakafuata nyayo zao na kuchimba mfereji. Mfereji huo sasa umezibwa kwa matawi, miche ya miti ya asili inaota ndani yake, na njia mpya inapinda huku na huku ubavuni mwa mlima. Mahali pamoja palikuwa na gogo lililolazwa mshazari, limejaa majani na matope. Alipiga magoti, akayakwangua kwa kijiti, na maji yaliyokuwa yakituama njiani yakageuka mbele ya macho yetu, yakateremkia kichakani. Akatuomba tukanyage matope katikati tu, tusipite pembeni, kwa sababu kila anayeyakwepa anaipanua njia na kukanyaga miche. Yule binti wa miaka 12 akawa mlinzi wetu. Hakuna aliyethubutu kutoka nje ya njia tena.

Kileleni tulifika saa sita na robo. Joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda, na ukiwa na jasho unalihisi punde tu unaposimama. Alitutaka tuvae makoti kabla ya kuketi. Waliopuuza walitetemeka.

Kasoro nyingine ni ramani tuliyopewa: karatasi ya kawaida, ikalowa na kuchanika kabla ya kileleni. Waifunike kwa plastiki.

Ukitaka kwenda nao, waandikie umri wa kila mtu na hali ya magoti yake, halafu uliza masaa waliyokutajia yamehesabiwa kwa mwendo wa nani. Gari liagize kwa jibu la mwongozaji. Sisi tumeshaomba siku nyingine, na shangazi ndiye anayekusanya majina.