TAHADHARI: Suti za "Harris Tweed" za pauni 89. Mzigo unafika, na shida ndipo inapoanza

Mnaotafuta suti za twidi (kitambaa kizito cha sufu) mtandaoni, hasa mlioko Uingereza na mnaoagizia ndugu walioko nyumbani kwa ajili ya harusi, someni hapa kabla hamjatoa namba ya kadi. Kuna maduka yanajitangaza sana Facebook na Instagram kuwa ni ya mafundi wa Scotland au London. Yanauza suti ya vipande vitatu kwa pauni 79, 89 au 95, eti bei ya kufunga duka. Majina yao hatuyataji kwa sababu hayawasaidii: jina likichafuka leo, wiki ijayo tovuti inafunguliwa kwa jina jingine, picha zilezile, na hadithi ileile ya mzee fundi anayestaafu baada ya miaka 40. Mkiujua mchezo wenyewe, mtawatambua kwa jina lolote.

Huu si ule utapeli wa kulipa halafu usione kitu. Ule benki huumaliza upesi: mzigo haukufika, pesa inarudi. Hawa wanatuma mzigo. Kinafika kitu chenye umbo la suti, namba ya kufuatilia inaonyesha umepokea, na tangu hapo kazi ya kuthibitisha inakuwa yako: ueleze kwa nini ulichopokea sicho ulichonunua. Wanajua wengi hawajawahi kushika twidi halisi, na wanajua wengi watachoka njiani.

Anza na hesabu ya kitambaa. Koti na suruali ya mtu wa umbo la kawaida hula mita 3.5 hivi za kitambaa chenye upana wa sentimita 150. Ukiongeza kizibao, weka mita 4. Harris Tweed, twidi maarufu ya visiwa vya Scotland, huuzwa reja reja zaidi ya pauni 40 kwa mita. Kwa hiyo kitambaa peke yake ni zaidi ya pauni 160, bado bitana, vifungo, mifuko na mkono wa fundi. Anayenunua kwa jumla anapata nafuu, sawa, lakini hakuna nafuu ya kushusha vipande vitatu hadi pauni 89. Na bei hiyo, iwe kwa makusudi au kwa bahati, inakuvua kinga moja. Kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya Uingereza ya 1974 huibebesha benki ya kadi yako ya mkopo lawama pamoja na muuzaji, ila ni kwa bidhaa ya zaidi ya pauni 100 hadi pauni 30,000. Ya 89 haimo.

Sasa jina. "Twidi" peke yake hailindwi na sheria. Ni aina tu ya kitambaa, na yeyote anaweza kuandika "twidi ya Kiskoti" au "mtindo wa Harris" juu ya poliesta. Harris Tweed ndiyo inayolindwa, kwa sheria ya Bunge la Uingereza ya 1993: lazima ifumwe kwa mkono na wenyeji, majumbani mwao, katika visiwa vya Outer Hebrides, kwa sufu mpya tupu iliyotiwa rangi na kusokotwa hukohuko, na ikamilishwe hukohuko. Mamlaka ya Harris Tweed, inayolinda jina hilo, iko mjini Stornoway, kisiwa cha Lewis. Kitambaa kilichokaguliwa hugongwa muhuri wa tufe lenye msalaba juu yake, upande wa nyuma, na nguo iliyoshonwa hubeba lebo ya kufumwa yenye tufe hilo na namba yake. Mwombe muuzaji picha ya lebo hiyo ikiwa imeshonwa ndani ya koti, namba ionekane. Muuzaji wa kweli anapiga picha dakika hiyohiyo. Tapeli anakuletea picha nzuri ya kondoo mlimani.

Angalia pia vipimo. Suti ya Kiingereza huuzwa kwa namba ya kifua na urefu: 38S (fupi), 40R (kawaida), 42L (ndefu). 40R ni kifua cha inchi 40, yaani sentimita 102 hivi, mtu wa urefu wa kawaida, na suruali yake mara nyingi huwa kiuno 34. Duka linalouza suti "ya fundi" kwa M, L, XL na XXXL peke yake linauza mzigo wa kiwandani, tena mara nyingi kwa vipimo vya Asia ambavyo ni vidogo kwa saizi moja au mbili. Ukilalamika kwamba mabega yanabana, jibu liko tayari: ulikosea kuchagua.

Wengine wameongeza ujanja hapo. Kabla ya kulipa unaombwa ujaze urefu, uzito na kifua, kisha oda inaitwa "imeshonwa kwa vipimo vyako". Sababu iko kwenye sheria. Mnunuzi wa mtandaoni Uingereza ana siku 14 tangu apokee mzigo kubadili nia bila kutoa sababu, isipokuwa kitu kilichotengenezwa kwa ajili yake mahususi. Vipimo vitatu havishoni suti. Fundi anayepima kweli atataka pia bega, mgongo, mkono, kiuno, nyonga, paja, urefu wa ndani wa mguu na vinginevyo. Na hata ikiwa imeshonwa kwa vipimo, ukiuziwa poliesta kwa jina la sufu bado unayo haki ya kuikataa ndani ya siku 30 chini ya sheria ya haki za mlaji ya 2015. Msikubali kuambiwa vinginevyo.

Kuhusu tovuti yenyewe, mambo machache yanatosha na yote ni bure. Tafuta umri wake kwenye huduma ya ICANN Lookup. Duka la "tangu 1962" lenye anwani ya mtandao iliyosajiliwa miezi minne iliyopita limejieleza lenyewe. (Duka kongwe linaweza kufungua tovuti mpya, ndiyo, lakini hapo litakuwa na simu na mlango unaofunguka.) Tafuta jina la kampuni Companies House, yaani msajili wa kampuni wa Uingereza. Ipeleke picha ya suti kwenye Google Lens uone ni maduka mangapi yanaitumia. Saa inayohesabu dakika za mwisho za punguzo, ifungue kwenye dirisha la faragha: ikianza upya, ni pambo. Halafu soma ukurasa wa kurudisha bidhaa mpaka chini, maana huko ndiko wanakosahau kufuta jina la duka lao lililopita, na huko ndiko imeandikwa kwamba mzigo unarudishwa "ghala letu la Asia" kwa gharama ya mteja.

Picha nazo zina ushahidi. Kwenye suti iliyokatwa vizuri, mistari ya kitambaa hukutana: ya kifuniko cha mfuko na ya koti linalouzunguka, ya kushoto na ya kulia kwenye mshono wa katikati ya mgongo. Kwenye picha za kutengenezwa na kompyuta mistari huyeyuka karibu na vifungo, au kola ya upande mmoja ina michoro mikubwa kuliko ya upande wa pili.

Umeshalipa na mzigo umefika? Usichane mfuko ukautupa. Piga picha kifurushi na karatasi ya forodha iliyobandikwa juu, ile yenye anwani ya mtumaji na thamani aliyoitaja. Duka la "Edinburgh" linalotuma kutoka China na kuandika thamani ya dola 15 limekupa ushahidi kwa mwandiko wake. Kisha tafuta lebo ya nyuzi kwenye mshono wa ndani. Uingereza na Umoja wa Ulaya zinataka nguo ioneshe imetengenezwa kwa nyuzi gani na kwa asilimia ngapi, kwa hiyo lebo isiyokuwepo nayo ni hoja.

Geuza kitambaa. Tafuta mahali ambapo nyuma yake inaonekana, kwa mfano pindo la suruali ambalo halijakatwa. Mchoro wa mifupa ya samaki (herringbone) unaopendwa kwenye twidi, ukiwa wa kweli, hutokana na ufumaji, kwa hiyo unauona pande zote mbili, na ukiusogeza karibu na jicho unaona kila uzi ukipita juu ya nyuzi mbili na chini ya mbili, kisha ukigeuza mwelekeo. Wa bandia umechapwa: mbele umekolea, nyuma ni kijivu au umepauka. Hali kadhalika vidoa vya rangi vya twidi ya Donegal ya Ireland: vya kweli ni vifundo vilivyosokotwa ndani ya uzi na unavihisi kwa ukucha, vya bandia ni madoa ya wino.

Uzito pia husema. Harris Tweed ya kawaida ina gramu 470 hadi 500 hivi kwa mita ya upana wa 150. Koti la kiume la kitambaa hicho, pamoja na bitana, linakaribia kilo moja au kupita. Likisoma gramu 500 na kitu kwenye mizani ya jikoni, hicho si kitambaa ulichoahidiwa.

Jaribio la moto ndilo lenye nguvu, lifanye kwa adabu. Chomoa uzi wa sentimita 4 kutoka kwenye pindo la ndani, au kwenye kile kipande cha akiba kinachokuja na vifungo vya ziada. Usikate mahali panapoonekana, wasije wakasema umeharibu. Ushike kwa kibano juu ya sinki. Sufu hujikunja, huwaka polepole, huzimika ukiondoa moto, hunuka nywele zilizoungua, na jivu lake husagika vidoleni. Poliesta huyeyuka, hutoa moshi mweusi na kuacha kishanga kigumu. Usiishike kwa vidole, tone lake linababua. Mchanganyiko hutoa vyote viwili, harufu ya nywele na kishanga. Rekodi video.

Kuhusu gamstafu, kile kitambaa chenye gundi cha kukazia koti kwa ndani, tuwe wa haki. Koti ghali huwa na kanvasi ndani ya kifua, kitambaa cha singa za farasi kilichoshonwa. La bei ya kati hubandikwa gamstafu kwa pasi, na huo si utapeli. Utapeli ni kutangaza kanvasi ukabandika gundi. Finya kifua chini kidogo ya kola, vuta mbele na nyuma viachane: ukihisi tabaka la tatu likielea katikati, kuna kanvasi. Ukikuta ubao mmoja, ni gundi, na gundi mbovu huanza kutoa malengelenge baada ya mvua au dry cleaner wa kwanza. Vilevile suti ya poliesta iliyouzwa kama poliesta haina kosa lolote.

Sasa pesa. Ukiandika malalamiko, jibu la kwanza litakuwa pole nyingi na ofa: baki na suti, tukurudishie asilimia 15. Ukikataa, 25, kisha 35. Kila ofa inakuja baada ya siku kadhaa, na siku zako zinakatika. Ukipokea kiasi na kukubali kwa maandishi, umefunga kesi mwenyewe. Andika barua pepe moja tu: naikataa bidhaa kwa kuwa haifanani na maelezo, nataka pesa yote, nipeni anwani ya kurudishia Uingereza kwa gharama yenu, mna siku 7. Baada ya hapo nenda benki.

Aliyelipa kwa kadi ya Visa au Mastercard aombe "chargeback", yaani benki imrudishie pesa kutoka kwa muuzaji; muda wa kawaida ni siku 120. Sababu iwe bidhaa kutofanana na maelezo. Usichague mzigo kutofika, maana namba ya kufuatilia itakuangusha siku hiyohiyo. Ambatanisha picha ya ukurasa wa bidhaa ulioandika "sufu 100%" (ipige leo, kesho utabadilishwa), lebo, video ya moto na karatasi ya forodha. Iliyozidi pauni 100 na kulipwa kwa kadi ya mkopo, taja "Section 75", kile kifungu cha 75. Hiyo inafanya kazi hata muuzaji akiwa nje ya Uingereza. Ila ukipitia PayPal, mnyororo kati ya benki yako na muuzaji unaweza kukatika na kinga hiyo ukaikosa.

PayPal wana saa yao. Una siku 180 tangu ulipe kufungua mgogoro, na ukishaufungua una siku 20 za kuupandisha uwe dai rasmi. Zikipita unajifunga. Muuzaji akikwambia "funga mgogoro kwanza ndipo tukulipe", usithubutu, uliofungwa haufunguliwi tena. Na kama ulituma kwa njia ya marafiki na familia, hakuna ulinzi.

Wanaoumia zaidi ni wanaoagizia nyumbani. Suti inaagizwa Agosti, inafikia kwa binamu Leicester, inakaa ndani ya mfuko mpaka mtu asafiri Desemba, na inafunguliwa Arusha wiki ya harusi. Siku 14 zimepita, 30 zimepita, 120 zimepita. Binamu afungue siku ileile ya kupokea, apige picha na kupima uzito. Aliyemlipa wakala wa WhatsApp kwa M-Pesa naye ajue kwamba mwenye haki ya kudai benki ni mwenye kadi, yaani wakala, si yeye. Na kwa harusi ya Dar au Mombasa, hata Harris Tweed halisi ya gramu 480 itamchemsha bwana harusi. Ulizeni sufu nyepesi.

Jina la Harris Tweed likiwa limetumika kwa uongo, wapelekeeni Mamlaka ya Stornoway kiungo cha tovuti na picha za lebo mbele na nyuma. Walioko England na Wales wawaarifu pia Citizens Advice, shirika la ushauri kwa wananchi, ambao hupeleka taarifa kwa Trading Standards, wasimamizi wa sheria za biashara. Ukishaandika malalamiko hadharani, tarajia ujumbe kutoka kwa "mtaalamu" anayeweza kukurudishia pesa kwa ada ndogo ya kuanzia. Huyo naye ni tapeli, mfungie.