Kima huyu, kima hiki, kima hii: kamusi mbili kwenye mizani

Nafundisha wageni Kiswahili, na kamusi yoyote huwa naipima kwa neno moja: kima. Wiki iliyopita mwanafunzi wangu aliniletea insha iliyoandikwa "kima wa chini wa mshahara". Nikamuuliza amelitoa wapi, akanionyesha programu ya kamusi kwenye simu yake. Mbele ya kima palikuwa na maelezo matatu yaliyotenganishwa kwa mikato: tumbili, kiwango, nyama ya kusaga. Basi. Hapakuwa na ngeli wala sentensi ya mfano. Tena hilo la kwanza lenyewe lina kasoro, maana kima na tumbili ni wanyama wawili tofauti: kima ni wa msituni, tumbili utamkuta zaidi mbugani.

Nikamfungulia Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI, yaani Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Ilitoka mara ya kwanza mwaka 1981. Yangu ni toleo la pili, la 2004, na jalada limeshachakaa kwa kushikwa. Ninachokipenda humo ni ile namba ndogo inayokaa juu ya kidahizo, yaani neno linaloelezwa. Inakuambia kwamba hili ni neno jingine kabisa, limefanana na mwenzake kwa sura tu. Halafu inakupa ngeli, na ngeli ndiyo iliyokosekana kwenye simu ya kijana wangu. Mnyama ni kima huyu, kiwango ni kima hiki, nyama ni kima hii.

Na kweli ni maneno matatu. La mnyama ni la Kibantu tangu zamani, la kiwango tumelipata kwa Waarabu, la nyama limekuja kwa mkondo wa Kihindi. Ukiyatupa yote kwenye mstari mmoja na mikato, mgeni ataamini ni neno moja lenye maana zinazorukaruka. Kumbe panapo maana zinazotoka shina moja, ni ndani ya kima cha Kiarabu: tunasema kima cha mshahara, na tunasema maji ya kima cha mtu, yaani yanayofikia kimo cha mtu aliyesimama. Hizo ndizo zinazostahili kukaa pamoja.

Programu ile ni ya bure na inafunguka haraka, kwa kuhakiki tahajia inafaa. Kwa anayejifunza kutunga sentensi siwezi kuipendekeza hata kidogo. Kitabu ninakipendekeza kwa moyo wote.

Tulimaliza somo kwa sentensi tatu alizoandika mwenyewe: Kima amepanda mti. Kima cha mshahara kimepanda. Kima imepanda bei. Hakukosea hata moja. Akazitazama kidogo, akaniuliza kama panda hiyo ndiyo ile ya mbegu na ya njia panda. Nikamsogezea kitabu, akaanza kutafuta herufi P.