Nimetembezwa Genova, kisha nikajitembeza mwenyewe

Kazi yangu ni kutembeza wageni Mji Mkongwe, Zanzibar, huu mwaka wa kumi na moja. Kwa hiyo mwezi wa tano nilipokwenda Milano kumwangalia dada yangu, nikasema safari hii na mimi nitembezwe. Genova, mji wa bandari wa Italia, haifiki mbali, saa moja na nusu hivi kwa treni. Nikanunua mtandaoni ziara ya miguu ya saa tatu, yuro 39 kwa kichwa. Kampuni siitaji.

Tulikuwa watu 38. Thelathini na nane, katika mji ambao vichochoro vyake, wenyewe wanaviita caruggi, vingine ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili! Mimi nikiwa na wageni kumi na wawili kule Shangani naona nimezidisha. Tuligaiwa visikizio vya masikioni, changu kikawa kinakoroma kama redio iliyopoteza stesheni. Kijana wetu yuko mbele huko na mwavuli wa njano juu, sisi wa mkiani tunauona mwavuli tu. Tukimfikia, keshamaliza maelezo, anaondoka.

Dakika ishirini nzima tulisimamishwa mbele ya nyumba ya Columbus karibu na Porta Soprana, kijumba ambacho hata hivyo kilijengwa upya karne ya 18. Kisha robo saa kwenye duka la pesto la vichupa. Alivyosalimiana na mwenye duka, nikamjua, ana kamisheni yake pale. Mchezo huo mapapasi wetu, wale wanaowawinda watalii mitaani, wanaucheza kila siku, na sitajifanya kwamba mikono yangu ni safi.

Kilichoniuma ni kupitishwa mbio Palazzo San Giorgio, lile jumba la bandarini lenye ukuta uliochorwa picha, bila hata kusimama. Ndimo inamosimuliwa kwamba alifungwa Marco Polo, yule msafiri wa Venisi, alipotekwa na Wagenova mwishoni mwa karne ya 13, akawa anamhadithia safari zake mfungwa mwenziwe, Rustichello wa Pisa. Na humo kwenye hadithi zake imo Zanzibar. Kufika hakufika, lakini akaieleza kwa raha zake: kisiwa cha mzunguko wa maili 2,000, tembo na twiga wamejaa, na watu wake majitu, mmoja anabeba mzigo wa watu wanne na kula chakula cha watano. Kesho yake niliporudi pale na dada na mumewe nikawasimulia. Shemeji akanitazama, akautazama mkate wa focaccia mkononi mwangu, wa tatu asubuhi ile. "Shemeji, hapo kwenye kula mzee hakukosea."

Siku hiyo ya pili ndiyo niliyoiona Genova. Tulianza na lifti. Mji huu umepandiana mlimani, kwa hiyo watu wanapanda lifti za umma kama sisi tunavyopanda daladala, bibi na mkoba wake wa mboga, mwanafunzi na begi lake. Kuna moja ya Castello d'Albertis, unaipandia Via Balbi, karibu na stesheni ya Principe. Unaingia kibandani, mlango unafunga, unangoja kwenda juu. Hakiendi juu. Kinaondoka mbele, kinaingia ndani ya mlima kama treni, zaidi ya mita 200, halafu kinasimama, kinanyamaza kidogo, ndipo kinapanda wima mita 70 hivi. Dada alinishika mkono kwa nguvu mpaka kucha zikaacha alama. Ukitoka huko juu unaona mapaa ya mawe ya kijivu, bandari yote, na Lanterna, mnara wa taa wa mita 77 uliojengwa mwaka 1543, bado unawaongoza mabaharia.

Ukishuka, tazama madirisha. Mimi nilisimama Via Garibaldi chini ya dirisha moja, ubao mmoja umefunguka nusu, kivuli kimeangukia ukutani. Nikasogea kulia, kivuli hakibadiliki. Ni rangi tupu! Ukuta mzima, nguzo, mapambo, dirisha na kivuli chake, vyote mkono wa fundi. Na usiende Jumatatu, makumbusho ya mtaa ule siku hiyo hufungwa. Katika Palazzo Tursi wameweka fidla ya Paganini, mpiga fidla maarufu mzaliwa wa Genova, ya mwaka 1743, kwenye kabati la kioo. Mimi si mtu wa fidla, nilitazama nikapita.

Kanisa kuu la San Lorenzo, lenye kuta za mistari myeupe na myeusi, kampuni ilituonyesha simba wa mlangoni tukaondoka. Ingieni ndani, upande wa kulia. Limesimamishwa kombora, refu kama mtoto wa shule. Februari 9, 1941, manowari za Waingereza ziliupiga mji kutoka baharini, kombora likatoboa ukuta wa kanisa, likaanguka ndani, lisiripuke. Kwetu manowari za hao hao zilipiga kasri ya Sultani mwaka 1896, vita vikaisha kabla saa haijatimia, na Beit al-Hukm, jumba mojawapo la kasri ile, haikubahatika hivyo. Kila wiki naisimulia habari hiyo kwa wageni. Pale nilikaa kwenye benchi sina la kusema.

Chakula: nendeni Sottoripa, chini ya matao yanayoelekea bandari ya zamani, harufu ya samaki wa kukaanga itawaongoza. Ombeni farinata. Ni unga wa dengu, maji, mafuta ya zeituni na chumvi, inaokwa kwenye sinia pana la shaba, ukingoni imekauka, katikati laini. Yaani bajia iliyolazwa. Pesto ndiyo iliyonichekesha: kumbe ni mrehani! Sisi tunautia pamoja na asumini kwenye kikuba, kishada cha kunukia wanachojipamba maharusi, wao wanautwanga kwenye kinu cha marmari na kitunguu saumu, jibini na mbegu za msonobari, wanakula na tambi. Shemeji alisema anahisi anakula bibi harusi.

Jioni tulipanda basi hadi makaburi ya Staglieno, yaliyofunguliwa mwaka 1851. Matajiri wamejichongea malaika na wajane wanaolia. Katikati yao amesimama Caterina Campodonico, muuza kokwa na vitumbua vya kwao kwenye magulio. Alidunduliza maisha yake yote, akamlipa mchongaji Lorenzo Orengo, sanamu ikamalizika mwaka 1881 naye yu hai. Shali lake la lesi limechongwa mpaka tundu. Mikononi kashika biashara yake, kokwa zimetungwa kwenye uzi kama shada.

Usiku kampuni ikaniletea ujumbe kuomba nyota. Nimewapa mbili, na nimewaandikia wapunguze watu wafike kumi na tano na vile visikizio wavitupe. Kijana sikumtaja. Ziara ilipoisha sauti ilikuwa imemkauka kabisa, kundi jingine linamngoja pale pale, nikamtia yuro tano mkononi nikamwambia anywe maji ya moto na tangawizi.