Stargate SG-1 kwenye DVD: uzoefu wangu na sajenti anayehesabu chevroni

Seti yangu ya Stargate SG-1, tamthilia ya runinga ya wanajeshi wanaokwenda sayari nyingine kupitia lango la duara, niliinunua ikiwa imeshatumika, misimu yote 10, na aliyeniuzia aliapa kwamba diski zote ni safi. Si kweli. Diski moja ya msimu wa 2 ina mikwaruzo, na siku niliyoiweka picha iliganda pabaya: lango linazunguka, sauti ya chumba cha udhibiti inatangaza chevroni ya tano (chevroni ni vifungio vya lango, kila kimoja hufunga alama moja ya anwani), kisha kimya. Nilikaa mbele ya runinga nikamalizia mwenyewe kwa sauti: ya sita imeingia, ya saba imefunga. Ndipo nikashtuka kwamba nimelikariri jukumu la mtu nisiyemjua hata jina.

Mtu mwenyewe ni Walter Harriman, sajenti mwenye miwani, na anaigizwa na Gary Jones. Yumo tangu kipindi cha kwanza kabisa mwaka 1997, na bado yupo tamthilia inapofungwa mwaka 2007 baada ya vipindi 214. Majina makubwa kwenye kasha ni ya Richard Dean Anderson, Amanda Tapping, Michael Shanks na Christopher Judge. Lake halimo. Kazi yake ni kukaa mbele ya kompyuta chini ya mlima Cheyenne, Colorado, na kuhesabu hadi saba.

Nakiri kwamba mwanzoni sehemu hizo nilikuwa nazirusha kwa rimoti. Lango limezunguka mara ngapi, jamani? Nilitaka kufika upande wa pili, kwa Wagoa'uld, wale maadui wa anga za mbali, na mapiramidi yao yanayoruka. Baada ya ile diski mbovu nikaanza kusikiliza, na nikaelewa kwa nini mtu huyu anahitajika. Sayari nyingine zina kile kinara cha kupigia anwani: unabonyeza alama, lango linafunguka, unaondoka. Wamarekani hawana kinara, kwa hiyo wamejitengenezea mfumo wao wa kompyuta, na lango lao huzunguka polepole, alama moja moja. Alama sita zinaonyesha unakokwenda, ya saba inaonyesha unakotoka. Kila moja inaweza kugoma. Anapohesabu, anawaambia walio chini mbele ya lango na bunduki zao kama safari ipo au haipo.

Safari ya kurudi ndiyo inayonibana zaidi. Lango likifunguliwa kutoka nje, wao hawawezi kupiga kwenda kokote hadi lifungwe, na linaweza kukaa wazi hadi dakika 38. Mbele yake kuna ngao ya chuma, airisi, na anayefika ikiwa imefungwa ndiyo mwisho wake. Kwa hiyo king'ora kinalia, taa nyekundu zinazunguka, Jenerali Hammond, kamanda wa kambi, anateremka ngazi mbio, na kila jicho linamgeukia Walter: msimbo wa kuwatambulisha wanaorudi umefika au haujafika? Akisema ni wa SG-1, kikosi cha mashujaa wetu, airisi inafunguliwa. Akinyamaza, hata mimi niliyeziona sehemu hizo mara tatu huacha kutafuna. Bajeti nzima ya milipuko haikunipa wasiwasi kama ule anaonipa huyu bwana kwa kukodolea skrini sekunde nne.

Gary Jones anaifanya kazi hii bila kujipendekeza. Sentensi ni ileile miaka 10, lakini msikilize: siku ya kawaida anaitoa kama karani anayeita namba za foleni, siku ya hatari chevroni ya saba inamtoka kwa sauti ya mtu anayetamani igome. Hammond akaondoka, O'Neill (ndiye Anderson) akakalia kiti cha ukamanda, baadaye akaja Jenerali Landry. Walter kiti chake ni kilekile. Anayejua jeshi atakwambia kambi huendeshwa na masajenti wa aina hii.

Sasa malalamiko. Waandishi hawakumtendea haki kwenye jina. Mwanzoni ni fundi tu, halafu sare yake ina jina la Davis, wakati tayari kuna Meja Davis wa Pentagon, halafu anaitwa Walter, mwishowe ndiyo akawa Sajenti Harriman. Mtu akihudumu muda wote huo angalau apewe jina moja! Nyumbani kwake hatuna habari napo, wala anachokiogopa hatukijui. Mwenzake Siler, yule wa spana kubwa anayerushwa na umeme kila mara, angalau ana kichekesho chake (na inafaa ujue kwamba Dan Shea anayemwigiza ndiye alikuwa mratibu wa michezo ya hatari, kwa hiyo kuanguka ni fani yake).

Fidia yake ipo msimu wa 7, kwenye sehemu mbili za “Heroes”. Mtengeneza filamu anaingia kambini kurekodi wafanyakazi, na Walter naye anawekwa mbele ya kamera aeleze anachokifanya. Anaeleza: anahesabu chevroni. Nilicheka. Halafu sehemu ya pili inamuua Dakta Fraiser, daktari wa kambi, na kicheko kikanisuta, kwa sababu wiki zote hizo nilikuwa nawachukulia watu wa kambini kama samani. Msimu wa 8 pia unampa nafasi zaidi, sasa akiwa karibu na ofisi ya O'Neill, akijua bosi anataka nini kabla bosi hajafungua mdomo.

Kuhusu seti yenyewe: picha za misimu ya mwanzo zina chengachenga kwenye skrini kubwa, na msimu wa 1 una vipindi viwili vitatu ambavyo hata shabiki sugu atavivumilia tu. Kama unanunua iliyotumika, kagua kila diski kwenye mwanga kabla hujatoa pesa. Naipa nyota nne kati ya tano.

Nimeurudia msimu wa 1 tangu juzi. Rimoti nimeiweka kwenye kabati, na lango likianza kuzunguka nahesabu pamoja naye.