Ununue nini ukianza kujifunza kuunda maumbo laini ya 3D

Chukua dele la kahawa, lile la shaba la wauza kahawa wa mitaani. Tumbo ni la mviringo, shingo imebana, mdomo umechomoza kama wa ndege. Ukijaribu kuliunda kwenye kompyuta kwa kupanga nyuso ndogo ndogo moja baada ya nyingine, utachoka kabla hujafika shingoni. Wanaoijua kazi hii huunda kwanza kiunzi cha nyuso chache, kubwa, za pembe nne, kisha programu ikagawa kila uso vipande vinne na kuvuta vipeo, yaani ncha ambapo kingo hukutana, hadi umbo lilainike. Edwin Catmull na Jim Clark walichapisha kanuni hiyo mwaka 1978. Mwaka 1997 studio ya filamu ya Pixar ikaitumia kwenye filamu fupi ya mzee anayecheza sataranji peke yake, na leo ndiyo njia ya kawaida ya kuunda sura na mavazi ya wahusika wa filamu.

Anayeanza huuliza alipie programu gani. Jibu langu ni kwamba mwaka wa kwanza asilipie programu yoyote. Pesa iende kwenye kipanya na RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi ya kompyuta.

Ninayoiweka juu ya zote ni Blender. Ni ya bure kwa leseni huria ya GPL tangu 2002, msimbo wake ulipokombolewa kwa michango ya euro 100,000, na leseni hiyo haina tarehe ya kuisha. Hilo ni kubwa kuliko linavyosikika, kwa sababu ufundi huu hukaa mkononi polepole, na kiunzi ulichounda leo utataka kukifungua tena baada ya miaka mitatu. Ukibonyeza Ctrl na 2, umbo linalainika papo hapo huku kiunzi chako kikibaki kama kilivyo. Ctrl na R inaongeza mzunguko mpya wa kingo, yaani mstari wa kingo unaolizunguka umbo. Shift na E inakaza ukingo usiyeyuke.

Kwenye dele utaona mara moja kwa nini vitufe hivyo vitatu ndivyo vya kuzoea. Ukilainisha, ukingo wa mdomo wa juu unalegea kama sabuni iliyolowa. Tiba yake ni kuweka mzunguko wa kingo karibu na ule wa kwanza. Kadiri inavyokaribiana ndivyo kona inavyokaza. Kazi ngumu iko pale mdomo unapotokea tumboni. Hapo lazima utapata vipeo vyenye kingo tano badala ya nne, na kipeo cha namna hiyo kikikaa juu ya tumbo la mviringo huacha nundu ndogo. Kwenye plastiki butu huioni. Kwenye shaba inayong'aa, mwanga unavunjika na kila mtu anaiona. Kisogeze mahali ambapo umbo linabadilika lenyewe, kwenye mkunjo kati ya mdomo na tumbo. Nimekaa siku mbili nzima kwenye mkunjo mmoja wa aina hiyo, na sizijutii, maana tangu hapo nikitazama kitu chochote cha mviringo naona kingo zake zinavyopaswa kupita.

Kipanya nakihesabu kuwa sehemu ya daraja hili la kwanza. Blender huzungushwa kwa kitufe cha kati, kwa hiyo nunua cha waya chenye gurudumu linalobonyezeka bila kukwama. Ukijifunza kwa kidole kwenye kibao cha laptopu, utaichukia kazi kabla hujaijua. Kibodi yenye namba pembeni ni nzuri pia, kwani 1, 3 na 7 hukupa sura ya mbele, ubavuni na juu, ila si lazima, mipangilio ina njia ya kuiga.

Daraja la pili nampa Wings 3D, hasa kwa mwenye mashine dhaifu. Nayo ni ya bure, ni nyepesi sana, na haina animesheni. Inafanya jambo moja, kuunda maumbo, na inakukatalia baadhi ya makosa ambayo programu nyingine hukuachia uyagundue baadaye. Kwa mwezi wa kwanza huo ni ulezi mzuri.

Maya ni ya tatu, na ni kwa mtu mwenye sababu. Kampuni ya Autodesk huitoa bure kwa wanafunzi wa vyuo vinavyokubalika, kwa mwaka mmoja unaohuishwa, lakini si kwa kazi ya malipo. Ukibonyeza 3 umbo linalainika, 1 linarudi. Studio nyingi kubwa za filamu zinaitumia, basi ukiwa na chuo na nia ya kwenda huko, ichukue. Huna, iache: siku mteja wa kwanza akikuletea kazi utalazimika kulipia usajili ambao bado hujaujengea kipato.

Fundi wa samani au vito amtazame Rhino, iliyoanza kuwa na nyuso za aina hii katika toleo la 7, mwaka 2020. Ina leseni ya kudumu na siku 90 za kujaribu, na umbo lako laini hugeuka kuwa nyuso zinazosomwa na mashine za kukata na kuchonga. Cinema 4D ni nzuri kwa matangazo ya mwendo, lakini si kwa mwanafunzi anayejilipia. Modo, ambayo wengi tuliisifia kwa kazi hii hasa, usiinunue tena kwa mtu. Foundry, kampuni inayoitengeneza, walitangaza mwaka 2024 kwamba wanaacha kuiendeleza. Na nakala zilizovunjwa kufuli zinazouzwa kwenye flashi, naomba uziache kabisa. Moja iliwahi kunipotezea faili za mwezi mzima.

Kuhusu laptopu: RAM ya GB 8 ni ya kuanzia, 16 ni ya kufanyia kazi. Angalia kizazi cha prosesa, kwa maana baadhi ya laptopu zilizotumika ni za Intel kizazi cha tatu, na picha zake huishia toleo la 4.0 la OpenGL, mfumo ambao programu hutumia kuchora picha kwenye skrini. Blender kuanzia toleo lake la 4.0 inataka OpenGL 4.3. Ukiwa nayo tayari usiitupe, weka Blender 3.6, kugawa nyuso kunafanyika vilevile.

Ukienda dukani, nenda na Blender kwenye flashi, toleo la zip lisilohitaji kusakinishwa. Mwombe muuzaji aiwashe, ingiza kile kichwa cha nyani kinachokuja na programu, chenye nyuso 500, kisha bonyeza Ctrl na 5. Sasa zinakaribia 504,000. Mzungushe nyani taratibu, pande zote, kwa dakika moja. Akikatakata, uliza bei ya laptopu iliyo pembeni yake na urudie.