TAHADHARI: Mitungi ya R134a na R22 ya bei chee, pima kabla hujafunga hozi

Mafundi wa AC na friji, na nyie wenye magari mnaojinunulia gesi wenyewe: kuna mitungi imeandikwa R134a au R22 (majina ya gesi za kupozea), inauzwa kwa bei ya kutupa, na kilichomo ndani ni kingine. Muuzaji hana duka. Ana picha kwenye simu, anataka hela itangulie, mtungi unaletwa na bodaboda. Ukidai risiti unajibiwa, "Hiyo ni oji bosi, sili yake hiyo hapo."

Sili hugongwa upya. Rangi nayo isikutulize. Zamani R134a ilikuwa buluu ya anga, R22 kijani, R410A (gesi nyingine ya AC) waridi, lakini mwongozo wa Marekani ulibadilishwa, na tangu 2020 mitungi mipya inayoufuata hupakwa rangi moja ya kijivu-kijani. Yamebaki maandishi, na hayo mwenye printa yeyote anayatoa.

Anza na mizani. Mtungi wa kutupwa wa R134a au R22 hubeba gesi kilo 13.6, na chuma chake ni karibu kilo 3. Mpya usome 16 na kitu. Propani na isobutani ni nyepesi, hazifikii nusu ya uzito wa R22 kwa ujazo uleule. Mtungi ukisoma kilo 9 na ukiutikisa unasikia umejaa majimaji, umeuziwa gesi ya jikoni.

Kisha geji. Acha mtungi kivulini usiku kucha ili joto lake litulie, bandika kipimajoto kwenye chuma, hakikisha sindano inaanzia sifuri, ndipo ufunge hozi. Kwenye nyuzi 30, R134a isome kama psi 97 (psi ni kipimo cha presha), R22 158, R410A karibu 258. Psi tatu nne zinaweza kuwa za geji yako. Lakini "R22" inayosoma 142 hiyo ni propani, na "R134a" inayosoma 120 ama imechanganywa ama imeingia hewa.

Presha ikikubali, bado. Hapa ndipo wengi wanapoumia. Kuna R40, kloridi ya methili, inayochemka kwenye nyuzi -24 wakati R134a ni -26. Wachanganyaji wanaipenda kwa sababu hiyo: wakiitia gesi nyingine kidogo, geji haioni tofauti. R40 inakula aluminiamu, na kinachozaliwa humo huwaka chenyewe kikikutana na hewa. Makontena ya baridi yalilipuka hivyo mwaka 2011, watu wakafa. Sasa fikiria kompresa na kondensa ya gari, ambazo karibu zote ni aluminiamu. Anayelipukiwa ni fundi anayefungua nati. Gesi hii inahitaji mashine ya kutambua gesi, na kabla ya kulipia kipimo uliza kama inaisoma R40, maana nyingine haziisomi.

Kama gesi ya mashaka imeshaingia kwenye mfumo: zima, usifungue kompresa, usiiachie hewani, wala usiivute kwenye mtungi wako safi, utaharibu na huo. Andika kwenye gari au mashine kwa maka kubwa "GESI HAIJULIKANI". Gari lilale nje, si ndani ya gereji iliyofungwa.

Wizi wa pili hauhitaji hata gesi feki. Fundi anakuja bila mizani, "anaongezea" kwa kuangalia geji, halafu anakudai kilo mbili. Gari dogo kwa kawaida linachukua kama nusu kilo. Gramu kamili zimeandikwa kwenye stika chini ya boneti, na kwa AC ya nyumbani kwenye kibati cha mashine ya nje. Mwambie akuonyeshe uzito wa mtungi kabla na baada. Kabla ya kujaza avute vakyum, yaani anyonye hewa na unyevu uliomo, hadi geji ya vakyum isome mikroni 500, afunge vali, asubiri dakika 15. Namba ikizidi kupanda kuna uvujaji au unyevu, na gesi utakayolipia itakwenda na upepo. R410A iingie ikiwa majimaji, mtungi kichwa chini, kwa kuwa ni mchanganyiko wa gesi mbili, R32 na R125, na ikitoka kama mvuke uwiano wake hubadilika.

Uliyekwisha uziwa, usiutupe mtungi. Piga picha namba ya bechi, tunza ujumbe wa malipo, peleka FCC (Tume ya Ushindani) ukiwa Tanzania, au ACA (mamlaka ya kupambana na bidhaa bandia) ukiwa Kenya.