Kozi ya inversheni na besi ya namba: nyota moja, na hiyo moja nimeitoa kwa shingo upande

Nilisubiri hasira zipoe ndo niandike, hazikupoa, basi naandika hivyo hivyo. Ni ile kozi ya kulipia ya harmoni ya kinanda, yenye video, kwizi na kinanda cha kwenye skrini. Jina silitaji. Mimi napiga kwa sikio miaka mingi, kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, hazinisumbui, ila kila nikikutana na zile noti za zamani ambazo mtunzi ameandika besi, ile noti ya chini kabisa, peke yake na vinamba chini yake, nilikuwa naziangalia kama risiti ya duka nisilowahi kuingia. Nikajiunga kwa ajili ya hilo tu. Hayo mengine yote ya kozi sijui hata yapoje, sikuyafungua.

Sasa shida yangu ni swali moja. Moja! Watu wataniambia unachoma kozi nzima kwa swali moja, ndio nachoma, nisikilizeni kwanza.

Kozi inaanza na jedwali. Kodi ya sauti tatu ikikaa kwenye mzizi wake, ile noti inayoipa jina, haina namba, ukiona 6 hiyo inversheni ya kwanza, yaani kodi imegeuzwa noti nyingine ikakaa chini badala ya mzizi, ukiona 6 juu ya 4 hiyo inversheni ya pili. Alafu zile kodi za saba, zenye noti ya nne ambayo ni ya saba kutoka mzizi: 7, kisha 6 juu ya 5, kisha 4 juu ya 3, kisha 4 juu ya 2 au 2 peke yake. Kariri, pita mbele. Na mimi nikakariri kweli, nikaendelea, kwizi za mwanzo nikazipasua zote nikajiona fundi. Besi B, namba 6 juu ya 5, kwenye skeli ya C meja, haya: B D F G, hiyo ni G ya saba imekaa juu ya B. Besi F, namba 2, haya: F G B D, kodi ile ile imegeuzwa tena. Raha tupu.

Kumbe jedwali lile ni njia ya mkato tu na hawakusema. Zile namba haziulizi kodi inaitwaje wala imegeuzwa mara ngapi, zinahesabu kutoka kwenye noti ya besi kwenda juu, basi. Besi E yenye 6: hesabu E ni moja, unafika C ni ya sita, ya tatu ambayo ni G huwa haiandikwi kwa sababu kila mpigaji anajua ipo. Ndo maana unapata C meja iliyogeuzwa. Yaani inversheni ni matokeo ya kuhesabu. Na watu walikuwa wanasoma hizi namba tangu 1600 hivi kule Italia, zaidi ya miaka mia moja kabla Rameau, mtunzi wa Kifaransa, hajachapisha nadharia yake mwaka 1722 na kuwazoesha watu kwamba C E G na E G C na G C E ni kodi moja. Wapigaji wa enzi zile walikuwa wanaona besi, wanaona namba, vidole vinakwenda. Hili ningelijua siku ya kwanza ningeokoa muda mwingi sana, ila nililipata kwingine huko baada ya ugomvi, na kozi niliyoilipia ikakaa kimya.

Haya, swali lenyewe. Kwizi ya mwisho, C meja, besi tatu: F, halafu G, halafu C. Kumaliza kabisa, yaani kadensi, ule mwisho wa kawaida wa wimbo, hata mtoto wa kwaya ataisikia inakokwenda. Chini ya G wameandika 4 na 3, SIO moja juu ya nyingine, zimepangana kwa mstari, 4 kwanza kisha kistari kisha 3. Hiyo ni saspensheni jamani. Ile C uliyokuwa umeishika kwenye kodi ya F unaing'ang'ania, unakaa nayo juu ya G pamoja na D, inakwaruza kidogo, kisha inashuka B, kisha unatua nyumbani. Nne inashuka tatu. Mstari mmoja wa sauti, sauti nyingine zimetulia. Nikabonyeza hivyo hivyo, G C D alafu G B D.

Nyekundu. KOSA.

Jibu lao sahihi eti ni G B C E. Yaani programu imeona 4 na 3, imekimbilia jedwali, imesoma 4 juu ya 3, inversheni ya pili ya kodi ya saba, ikahesabu juu ya G ikapata kodi ya C yenye B ndani yake imepiga magoti juu ya G. Kwenye kadensi! Hebu ipige uisikie, F A C, kisha hiyo dubwana, kisha C. Kodi ya G ambayo ndo inasukuma wimbo mzima kurudi nyumbani haipo kabisa, imefutwa, kwa sababu ya kistari kimoja ambacho mtu aliyetengeneza kwizi hakukiona. Na kwizi haikuachii upite bila kupata yote, kwaiyo ili upate cheti lazima uandike upuuzi huo kwa mkono wako mwenyewe.

Nikawaandikia. Kwa adabu kabisa, nikaeleza, nikaweka na picha ya swali. Jibu lilichelewa sana, likaja kutoka kwa mwalimu mwenyewe wa kwenye video, si mtu wa sapoti: "Ndugu mwanafunzi, rudia moduli ya kwanza. Jedwali liko wazi. Wengine wote wamefaulu swali hili." Kwisha. Wengine wote wamefaulu! Bila shaka wamefaulu, wamekariri jedwali kama mimi nilivyokariri, programu inawapa kijani kwa kujibu vibaya, wewe unaniletea kijani chao kama ushahidi.

Kinachoniuma zaidi, na hapa ndo nachanganyikiwa nisijue hata nyota ngapi niwape, ni kwamba huyu huyu jamaa ana video moja humo ndani ambayo ni dhahabu. Anafundisha 6 juu ya 4 ya kadensi, G iko chini, C na E juu yake, anasema usiichukulie kama C iliyogeuzwa inayojitegemea, iskilize hizo sauti mbili, 6 inashuka 5, 4 inashuka 3, E inakwenda D na C inakwenda B huku besi imesimama tu haijatikisika. Anaipiga taratibu, anaishikilia, anaiachia. Mimi niliisikia nikanyanyuka kwenye kiti, miaka yote nimekuwa naipiga ile kitu bila kujua kwa nini ni tamu. Nilikuwa tayari kuwapa nyota tano kwa dakika zile tu, na nasema kweli, kama ukipata nafasi ya kuiona video hiyo ione.

Lakini si ndo kitu kile kile?! 4 inashuka 3! Amekifundisha kwa mdomo wake kwenye video, alafu kwenye kwizi yake mwenyewe anakikataa, alafu mtu akimkumbusha anamwambia arudie moduli ya kwanza. Ama hakuitengeneza kwizi yeye, aliajiri mtu, sijui, inawezekana, basi aseme. Aseme nitaangalia. Maneno mawili tu.

Na jedwali likishakukaa kichwani linaharibu na mengine. Chukua A maina, besi E, chini yake sharpu (#, ile alama ya kupandisha noti nusu hatua) peke yake bila namba yoyote. Jedwali halina hiyo, utafanyaje? Ukijua kuhesabu ni jambo dogo, alama ikikaa peke yake inaigusa noti ya tatu juu ya besi, G inakuwa G sharpu, umepata E meja, endelea na maisha. Kozi imeligusa hili kwa sentensi moja tu mwishoni mwa video, kwa mbio, kama mtu anayewahi basi. Wenzangu wengi naamini hapo wanaipandisha besi yenyewe, na siwalaumu hata kidogo.

Kwaiyo ninunue nisinunue? Kama unataka kufaulu tu mtihani wa kutaja majina ya inversheni, nunua, jedwali lao halina kosa kwa kazi hiyo na kinanda cha kwenye skrini kinafanya kazi vizuri. Kama unataka kukaa kwenye kinanda ukasoma besi yenye namba na mkono wa kulia ujue pa kwenda, anza na kuhesabu kutoka besi, kila noti, polepole, hata bila kozi yoyote, alafu jedwali litajijenga lenyewe kichwani. Nilipoanza kuandika hapa nilikuwa nimeweka nyota mbili. Nilipoikumbuka ile video ya 6 juu ya 4 nikataka kuweka tatu. Nimefungua tena ujumbe wake ili ninukuu sawasawa, "jedwali liko wazi", nimeshusha hadi moja.

Mkisoma hapa wenye kozi, swali lipo kwizi ya mwisho, F, G, C. Ni kistari. Mkikiona na mkanirudishia alama zangu narudi kupandisha nyota. Msaada wa mwalimu sitaki tena.